Draivu ya kushea imegoma kufunguka nyumbani? Usikimbilie kupiga Windows upya

Wakuu, juzi jirani yangu hapa Tabata nilimkuta ameshachomoa nyaya za desktop yake anaipeleka Kariakoo ikapigwe Windows upya, kisa laptop ya binti yake haifungui draivu D iliyoko kwenye hiyo desktop. Picha za familia zote zimo humo! Nikamwomba aichomeke tena, na haikuisha nusu saa ikafunguka bila faili hata moja kuguswa. Sasa na wewe kabla hujaibeba fuata haya.

Anza na maneno ya kosa, usiyafunge tu. Ikija 0x80070035 maana yake laptop haijafika kabisa kwenye desktop, njia hakuna. Ikikwambia huna ruhusa au ikawa inakuomba paswedi kila saa, hapo imeshafika mlangoni, shida ni ufunguo. Haya ni matatizo mawili tofauti na watu wengi wanahangaika na ruhusa wakati hata njia haipo.

Kama ni njia, hakikisha zote ziko kwenye ruta moja, maana utakuta laptop imejishika kwenye hotspot ya simu, au iko kwenye ile wifi ya wageni ambayo ruta nyingi zinaitenga makusudi. Halafu kwenye desktop fungua Command Prompt, andika ipconfig, soma namba ya IPv4 (anwani ya desktop kwenye netiweki), tuseme 192.168.1.20, nenda kwenye laptop ukaandike \\192.168.1.20 pale juu kwenye File Explorer. Ikifunguka hivyo basi kushea kuko poa, kilichogoma ni jina la desktop tu. Na usikariri hiyo namba, umeme ukikatika ruta ikiwaka tena inaweza kugawa nyingine.

Isipofunguka, angalia kwenye desktop, Settings, Network, wifi yako imeandikwa Public au Private. Ukibadilisha ruta Windows inaihesabu kama netiweki ngeni na inaweza kuiweka Public, hapo inajificha. Weka Private, kisha washa Network discovery na File and printer sharing. Kama una antivirus ya kununua nayo ina ukuta wake (firewall), uangalie.

Sasa ufunguo, na hapa ndipo jirani alipokwama. PIN unayofungulia kompyuta haifanyi kazi kwenye netiweki! Inatakiwa paswedi yenyewe ya akaunti iliyoko kwenye desktop, na kama ni akaunti ya Microsoft, jina unaweka imeili nzima. Akaunti isiyo na paswedi nayo Windows inaikataa kwa njia ya netiweki. Mimi napendelea kutengeneza akaunti ya pembeni kwenye desktop, iite familia, ipe paswedi, halafu shea folda moja badala ya draivu nzima. Ruhusa zipe sehemu mbili, kwenye Sharing na kwenye Security ndani ya Properties za folda, kwa sababu ile inayobana zaidi ndiyo inayofuatwa. Kama uliwahi kukosea paswedi ukaihifadhi, kaifute kwenye Credential Manager, pale Windows inapotunza paswedi, la sivyo laptop itaendelea kutuma ile ile ya zamani.

Kama ilikuwa inafunguka bila paswedi ikagoma baada ya apdeti, Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024 imefunga kuingia kama mgeni, dawa ni hiyo akaunti ya familia. Mtu akikushauri uwashe SMB1, ile njia ya zamani ya Windows ya kushea faili, mkatalie, virusi vya WannaCry mwaka 2017 vilisambaa kupitia humo.

Ikishafunguka, kwenye laptop bonyeza Map network drive, tumia jina la desktop sio namba, weka tiki ya Reconnect. Na desktop izuie isilale, ikilala hata ungefanya yote hayo draivu haitaonekana.