Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua propela ya ndege unayoijenga mwenyewe

Ndege inayojengwa karakanani nyumbani huchukua miaka kukamilika, na propela ni miongoni mwa vitu vya mwisho itakavyovihitaji. Usiinunue mapema kwa sababu tu umekutana na bei nzuri.

Injini itangulie. Tena usitosheke na jina lake na nguvu zake: soma namba kamili ya modeli kwenye kibati cha injini yenyewe. Jirani yangu wa hangari hapa Marekani alinunua propela inayojibadilisha mwinamo wa mapanga yake, aina iliyo ghali kuliko zote, wakati bado anapiga ribiti za mkia, kwa kuwa alikwisha kuamua kufunga Lycoming O-360 ya nguvu farasi 180. Injini aliyoipata miaka kadhaa baadaye ilikuwa kweli O-360 ya nguvu farasi 180, ila ilikuwa A4M, modeli inayofungwa kwenye Piper Archer, ambayo mwinamo wa propela yake haubadiliki. Mwinamo wa propela aliyonunua hubadilishwa na oili ya injini inayotoka kwenye gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya mizunguko, na kupita ndani ya krenki, mhimili wa injini unaoizungusha propela, na krenki ya A4M haina njia hiyo. Alipofikiria kuirudisha, dhamana ilikuwa imekwisha muda wake ndani ya sanduku. Alipotafuta mnunuzi, kila aliyeiulizia alitaka kwanza ifunguliwe na kubadilishwa sili, maana mpira na grisi huzeeka hata kama propela haijawahi kuzunguka. Aliiuza kwa hasara, kisha akarudi kukarabati boneti, ambayo alikuwa ameikata kwa kufuata kofia inayofunika kitovu cha propela ile ile.

Kwamba boneti haikatiki bila propela ndiyo hoja ya wengi wanaonunua mapema, nami siikubali. Unachohitaji ni kipenyo cha bamba la nyuma la kofia na umbali wake kutoka kwenye flenji ya krenki, pale propela inapofungwa. Kata duara la plaiwudi, lifunge kwa umbali huo, uendelee na kazi.

Piga hesabu ya mizani ya ndege kabla ya kuagiza, kwa kuwa propela ya chuma inayojibadilisha mwinamo ni nzito mno kuliko ya mbao, na uzito huo wote unakaa puani. Hakikisha unajua injini yako inazunguka upande gani. Pima pia nafasi kati ya ncha ya panga na ardhi. Kanuni za ndege ndogo za kiwandani kwa miaka mingi zilitaka angalau sentimita 18 kwa yenye gurudumu la mbele na 23 kwa yenye gurudumu la mkiani, na sioni sababu ya kupunguza.

Huku Marekani, injini na propela zilizoidhinishwa zikiwa pamoja, majaribio ya kuruka kwa kawaida ni saa 25. Zisipoidhinishwa hivyo, ni 40. Liulize hilo kabla ya kulipa.

Injini ikishafungwa, muulize mtengenezaji foleni yake ina urefu gani, kisha agiza kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku unayotarajia kuiwasha. Ya mbao ilaze, usiisimamishe ukutani, na bolti zake zikague tena baada ya saa za mwanzo. Ya mtumba isiyo na kitabu cha kumbukumbu iache, hata muuzaji akiapa.