Paka grisi usoni pa sensa kabla ya kufyatua

Ukipima shinikizo ndani ya mtutu wa bunduki kwa sensa ya fuwele (kihisi ambacho fuwele yake hutoa umeme inapobanwa), kisha mstari wa grafu ukazama chini ya sifuri mara tu baada ya kilele, usikimbilie kulaumu amplifaya wala waya. Mara nyingi ni joto. Mwako wa baruti hupasha kiwambo cha mbele cha sensa (kile kibati chembamba kinachopokea shinikizo), chuma kinatanuka, ule mkazo ulioibana fuwele tangu kiwandani unalegea, na sensa inadhani shinikizo limeshuka. Dawa yake: paka tabaka jembamba la grisi ya silikoni juu ya kiwambo. Shinikizo linapita papo hapo, joto linachelewa, na tukio lenyewe huisha kwa milisekunde chache. Futa na upake upya kila baada ya risasi. Ile ya kwanza imeshaungua (ukitazama utaiona nyeusi). Usiipake nene, wala usiache kiputo cha hewa ndani yake, kilele kitaharibika. Kwa kipimo cha sekunde nzima grisi haisaidii, joto litapenya tu. Kwa wimbi la mlipuko hewani, bora utepe mweusi wa umeme: unakinga hata mwanga wa mmweko.