Namna ya kuandaa siku ya kukata mikeka na mechi za upanga mrefu kati ya klabu jirani

Ukikaa kwenye klabu za upanga wa kihistoria wa Ulaya kwa muda utawaona watu wa aina mbili, kuna yule anayebeba medali kila mashindano lakini mpe upanga wenye makali akate mkeka uliokunjwa na kusimamishwa, mkeka unaanguka na stendi yake, halafu kuna yule anayekata mkeka safi kabisa ila kwenye mechi anapigwa kichwani hata mikono hajanyanyua. Kila mmoja ana nusu yake. Ndo maana nashauri klabu mbili tatu zikikutana zisiishie kwenye mechi tu, fanyeni vyote siku moja, na mlichokiona kwenye mkeka kiingie kwenye kanuni za mechi. Nachukulia mnacheza upanga mrefu wa mikono miwili, ule wa walimu wa kale Liechtenauer wa Ujerumani na Fiore wa Italia, manake ndo wenye watu wengi.

Kukata kunakuja kwanza, asubuhi, watu wakiwa na nguvu na akili zao. Mtu aliyetoka kupigana mechi nne mikono inatetemeka na kashikwa na hasira ya kupoteza, huyo usimpe chuma chenye makali. Hili halina mjadala kwangu.

Mikeka inayotumika zaidi ni ile ya nyasi inayofunika juu ya tatami, yale matandiko mazito ya sakafuni ya Kijapani. Iliyokwisha kutumika inafaa tu. Unaikunja mmoja mmoja, kaza kweli kweli, funga kwa kamba au mpira sehemu nne au tano halafu iloweke kwenye maji karibu siku nzima, kwa hiyo kama siku yenyewe ni Jumamosi basi Ijumaa asubuhi iwe iko majini. Kabla ya kuanza isimamishe ichuje maji kama saa moja. Mkeka uliokunjwa legelege ni hasara tupu, upanga unaukunja badala ya kuukata na mtu anaondoka anadhani kosa ni lake. Wanaoanza wasiguse mikeka kwanza, wape chupa laini za plastiki zilizojazwa maji mpaka juu, chupa haidanganyi, ukipiga bapa, yaani kwa ubavu wa upanga, inaruka huko, makali yakiingia sawa nusu ya chini inabaki imesimama na maji yake.

Stendi iwe nzito chini, na kile kijiti cha juu kinachoingia kwenye mkeka kiwe cha mti, sio chuma wala msumari, kwa sababu siku moja mtu atapiga chini mno na mti ni rafiki wa makali kuliko chuma. Urefu upange ili juu ya mkeka pawe usawa wa kichwa au bega la mtu.

Kuhusu panga zenyewe, aliyeleta upanga wa mapambo ya ukutani arudi nao kwenye begi. Zile nyingi ni chuma cha pua na shina linaloingia kwenye mpini ni jembamba au limeungwa kwa kuchomelea, linakatika pale pale kwenye mpini na kipande kilichobaki kinaruka hakiangalii nani yuko wapi. Upanga wa kukata ukaguliwe kabla, ushike utikise, kikinga mkono kikicheza au kitako cha mwisho wa mpini kikilia hautumiki, hata kama mwenyewe anaapa uko hivyo tangu zamani.

Halafu mstari. Chora chini kwa tepu, watazamaji wote nyuma ya mkataji na mbali naye, hakuna mtu mbele wala pembeni upande pigo linakoelekea. Upanga wenye makali unakuwa mmoja tu nje ya ala kwa wakati mmoja, na msimamizi wa eneo ni mmoja, ndo anasema chukua, kata, rudisha. Kupokezana upanga mkono kwa mkono hakuna, unauweka mezani, mwenzako anauchukua. Watu watalalamika inachelewesha. Ndiyo, inachelewesha.

Sasa pigo lenyewe. Anza na la juu kwa mshazari kutoka bega la kulia kushuka kushoto, nyuzi kama 45, ndo rahisi kuliko yote, lile la mlalo kabisa liache mpaka baadaye manake mkeka umesimama kwenye kijiti tu na ukikosea kidogo unazunguka au unang'oka. Na miguu tafadhali. Ukikata kutoka kulia kwenda kushoto, mguu wa kulia ndo uingie mbele pamoja na pigo. Ukibaki na mguu wa kushoto mbele upanga ukipita mkeka unashuka moja kwa moja kwenye goti lako, na mkeka mzuri haupunguzi kasi kama unavyofikiri. Mikono iende mbele, inyooke, usikate kama unapasua kuni, mkono wa chini unavuta kitako wakati wa juu unasukuma, na ile safu ya vifundo vya vidole ya mkono wa juu ielekee kule makali yanakoelekea. Pigia sehemu iliyo kama theluthi ya mwisho ya upanga kuelekea kwenye ncha. Ukikaribia sana hakuna kasi, ukiwa mbali ncha inachana tu mkeka na kuacha kipande kinaning'inia.

Wengi wanapita haraka kwenye kukisoma kipande kilichokatika, na mimi naona faida yote ya zoezi iko hapo. Kiokote, kiangalie uso wake. Kama umenyooka ubao mtupu, makali yalikuwa sawa na njia ya upanga mwanzo mpaka mwisho. Kama umebonyea katikati, makali yaligeuka ndani ya mkeka, mara nyingi ni kifundo cha mkono kilichopinda au mtu kuvuta upanga kwake mapema. Nyasi zikiwa zimechanika upande wa kutokea, upanga ulikuwa umeshachoka, kasi ilitumika yote mwanzoni. Na angalia pia kipande kilianguka wapi, kikateleza taratibu kikadondoka pale pale chini ya stendi hiyo safi, kikiruka mita kadhaa basi mtu katumia misuli. Nguvu nyingi inaficha makosa, mtu mwenye mabega mapana anaweza kupita mkeka na makali yamepinda na akashangiliwa, kwa hiyo mwanzoni waambie wakate kwa nusu ya nguvu zao.

Mkitaka kuweka ushindani kwenye kukata, usimpe mtu nafasi ya kujipanga, kuvuta pumzi, kurudisha upanga mpaka mgongoni halafu ndo apige. Mkeka haumrudishii, hapo ndo mkataji anazoea vibaya. Kila mmoja aanze mbali kidogo, kwenye mkao wa kawaida wa kupigana, aingie na hatua, akate mara mbili bila kusimama, juu kisha kutoka chini kurudi, na amalizie ncha ikiwa inaelekea mbele na siyo upanga umelala sakafuni. Aliyegusa stendi anatolewa pointi, uso uliobonyea pointi, mkeka usiokatika wote pointi, na aliyemaliza bila mkao wowote pia.

Mkimaliza futeni panga, maji ya mkeka yanaleta kutu haraka, pakeni mafuta, zirudi kwenye ala na ala zirudi kwenye sanduku lifungwe. Mpaka lifungwe ndo zile za mechi zitoke. Panga butu na panga zenye makali zisikutane nje hata dakika moja.

Kwenye mechi mnatumia federi, upanga wa mazoezi mwembamba unaopinda, mara nyingi kilo moja na nusu hivi au chini kidogo. Ncha iwe imekunjwa au ina mpira, pitisha kidole kwenye makali butu utafute vijino vilivyotokana na kugongana, vipigwe tupa hapo hapo, vinakula jaketi na glavu. Mavazi hayahitaji hadithi ndefu: maski yenye kinga ya kisogo, kinga ya koo ngumu, jaketi la viwango vya nyutoni 350 au 800 (kipimo cha kuzuia kuchomwa), viwiko, magoti, ugoko, na glavu nzito. Ukibana matumizi, usibane kwenye glavu, vidole ndo vinavunjika kuliko kitu kingine kwenye mchezo huu.

Kanuni, kila klabu ina zake na watu wanazigombania kuliko panga. Kwenye mashindano ya hadhara ya Ujerumani karne ya 16, yale waliyopigana kina Ndugu wa Mtakatifu Marko wa Frankfurt, chama cha wapigana upanga, ambao Kaisari Friedrich III aliwapa haki zao 1487, jeraha la damu lililo juu zaidi kichwani ndilo lilishinda, na kuchoma kwa ncha hakukuruhusiwa. Nalitaja kwa sababu wapo watakaokwambia mashindano ni uharibifu wa kisasa wa sanaa ya zamani, hapana, hata wale wazee walikuwa na kanuni zilizobana mchezo, na mchezo ukafuata kanuni. Kwa hiyo chagueni kanuni mkijua zitazaa nini. Ukimpa mtu pointi kwa kila mguso atakuletea miguso.

Mimi ningeweka hivi: refa mmoja, majaji wawili au wanne wenye bendera kwenye pembe, dakika tatu, kichwa na kiwiliwili pointi mbili, mikono na miguu moja. Aliyepigwa akirudisha papo hapo, ndani ya hatua moja, pointi ya wa kwanza inapungua. Wakipigana wote kwa wakati mmoja hakuna anayepata, na ikifika mara tatu wote wanapoteza mechi, utaona watu wanavyojifunza ghafla kujilinda. Kisha ile tuliyojifunza asubuhi kwenye mkeka: pigo la bapa halihesabiwi, na pigo la kuzungusha kifundo cha mkono tu, upanga haujasafiri, halihesabiwi kwenye mwili wala mikono, kwa sababu jaketi tu lingetosha kulizuia. Kichwani nalihesabu hata likiwa fupi, uso hauna jaketi. Wapo watakaobisha, sawa, wabishe kabla mechi hazijaanza.

Majaji wachukuliwe kutoka kwa waliokata asubuhi ile ile, maana jicho lililokwisha kuona upanga ukiingia bapa kwenye mkeka linaiona bapa hata kwenye vurugu. Na jaji wa klabu moja asisimame kwenye mechi ya mwenzake wa klabu. Kama majaji hawatoshi basi punguzeni mechi, sio majaji.