Chupa ya Wiski ya Uskoti kwa Zawadi

Ukikusudia kumzawadia mtu wiski ya Uskoti yenye maandishi ya Single Malt kwenye lebo, yaani iliyotengenezwa kwa kimea cha shayiri pekee katika kiwanda kimoja, uliza kwanza kama anapenda ladha ya moshi, kwa kuwa hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Laphroaig na Ardbeg za kisiwa cha Islay, ambazo kimea chake hufukizwa kwa moshi wa mboji kavu ya kinamasi (peat), hunukia mithili ya jiko la kuni na dawa ya kidonda mara tu kizibo kinapotoka. Wapo wanaozihusudu, na wapo watakaoiacha chupa kabatini miaka nenda miaka rudi. Usipokuwa na hakika, Glenfiddich ya miaka 12 kutoka Speyside ni laini na haimtishi mgeni. Umri wa kwenye lebo ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo, nao hauongezeki ndani ya chupa, hivyo usikubali kutozwa zaidi eti kwa sababu imekaa dukani muda mrefu. Hadi siku ya kuikabidhi, isimamishe wima, mbali na jua, maana pombe kali ikilala kwenye kizibo hukilegeza.