Somo: Sarafu ya Jubilei uliyoletewa kutoka Roma, ni pesa au medali?

Mwaka Mtakatifu wa 2025 umefungwa tarehe 6 Januari 2026, mahujaji wamerudi, na sasa huku Mwanza kila anayeonyeshwa kipande cha chuma chenye sura ya Papa anauliza kwanza bei. Bei iache. Jua kwanza umeshika nini. Tafuta sumaku ndogo (ya spika mbovu inatosha) na taa ya simu.

Hatua ya 1: Soma maandishi. Sarafu hutaja kiasi chake na nchi iliyoitoa. Ya Vatikani ya siku hizi ina CITTÀ DEL VATICANO upande mmoja na 2 EURO upande wa pili, na herufi ndogo R, alama ya kiwanda cha Roma. Haina kiasi? Hiyo ni medali, zimejaa kwenye maduka ya zawadi karibu na Kanisa la Mtakatifu Petro. Itunze kama kumbukumbu, somo limekuishia hapa.

Hatua ya 2: Pima. Euro 2 ina gramu 8.5 na upana wa milimita 25.75. Masonara wa mjini wana mizani inayosoma hata sehemu ya gramu. Mwombe akupimie tu, asiisugue kwenye jiwe lake!

Hatua ya 3: Sumaku. Duara la katikati lina tabaka la nikeli ndani, kwa hiyo hushika kidogo. Pete ya nje haishiki. Ikinasa kwa nguvu sarafu nzima, tia shaka.

Hatua ya 4: Ukingo. Izungushe chini ya taa uone 2 na nyota zikijirudia, mara wima, mara kichwa chini.

Hatua ya 5: Usiisafishe. Hapa ndipo zinapoharibika nyingi. Ndimu, majivu, dawa ya meno, vyote vinakwangua ule mng'ao wa kiwandani, na ukishatoka haurudi. Ishike kwa ukingo. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, basi iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu iepuke, huacha utando wa kijani. Kama ilikuja na jalada lake, usilitupe, wakusanyaji hulitaka.

MASWALI YA WANACHAMA

Igoma: Shikamoo mwalimu. Marehemu babu aliacha sarafu nyepesi kama karatasi, imeandikwa MCML. Feki?

Jibu: Marahaba. MCML ni 1950, Jubilei ya Papa Pio XII. Lire (pesa ya Vatikani kabla ya euro) ndogo za mwaka huo zilikuwa za aluminiamu, wepesi ni hali yake.

Sengerema: Yangu ni ya 1975 na haishiki sumaku. Si ndiyo madini ya fedha halisi?

Jibu: Sumaku haitoshi, hata aluminiamu haishiki. Angalia kiasi. Ya lire 500 ndiyo ya fedha, gramu 11, sehemu 835 kwa 1,000.

Kirumba: Kaka, naweza kubadilisha euro 2 nipate shilingi?

Jibu: Maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida huchukua noti tu. Mpe anayesafiri; inatumika nchi zote za euro. Lire hazitumiki tena popote.

Nyakato: Hii ilibarikiwa na Papa. Bei si itapanda?

Jibu: Baraka haionekani kwenye chuma, mnunuzi hailipii. Na kama inafaa kuuza kitu kilichobarikiwa, hilo mpelekee paroko wako.

Ukerewe: Nimeshaitoboa niivae na mkufu.

Jibu: Basi ivae, dada. Kwa mkusanyaji hilo tundu limeondoka na karibu thamani yote.