Poka ya turbo: ukibaki na blaindi kumi, we ndo uwe wa kwanza kumwaga

Jumamosi usiku huku Chumbageni, Tanga, tunakaaga barazani watu sita tunacheza poka ya holdemu (kila mtu karata mbili za siri, tano zinafunuliwa katikati za wote), chipu zenyewe vifuniko vya soda, hela hamna, mshindi anachangiwa mishikaki. Tunacheza turbo, yan simu inalia kila dakika tano na blaindi, yan yale madau ya lazima ya watu wawili kabla ya kugawa, moja ndogo moja kubwa, zinapanda. Ndo ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, na mimi nlikua naondoka mapema kila wiki mpaka nikakaa chini nikapiga hesabu.

Shida yetu wengi tumekulia kwenye karata za turufu, pale ukiwa na dume unalificha mkononi unasubiri wakati wake. Kwenye turbo ukisubiri umekwisha. Angalia: pea yoyote, yan karata mbili zinazofanana, inakuja kama mara moja kwa kila mikono (migao) 17, na ukisema utacheza AA, KK, QQ na AK tu basi hizo ni mara moja kwa mikono 39 hivi. Sisi kwa dakika tano tunagawa mikono minne tukijitahidi, kwa hiyo hiyo karata yako nzuri itakuja blaindi zimeshapanda mara tisa au kumi, we uko jikoni unaosha vikombe vya kahawa.

Kitu cha kwanza acha kuhesabu vifuniko, hesabu blaindi. Una 2,000 na blaindi ni 100 na 200, basi una blaindi kubwa kumi. Ukiwa na 15 mpaka 25 bado unaweza kureizi (kupandisha dau) kidogo, mara mbili ya blaindi kubwa inatosha, na mtu akikurudishia kwa kuweka zote zake na huna kitu unafoldi (unatupa karata) bila kinyongo. Ila ukishuka chini ya 12 hivi, usikoli tu (kulipa dau lililopo) kuona flopu, zile karata tatu za kwanza za katikati, na usireizi nusunusu, ukireizi 500 kati ya 2,000 halafu ukafoldi umetupa robo ya mali yako bure. Hapo ni mawili, kumwaga zote katikati au foldi.

Sasa kwa nini zote, hapa ndo penye utamu. Anayemwaga kwanza ana njia mbili za kushinda, wenzie wafoldi au karata zake zishinde, anayekoli anayo moja tu. Chukua uko blaindi ndogo na hizo 2,000, wote wamefoldi kabakia jirani yako kwenye blaindi kubwa naye ana kama zako. Unamwaga na karata ya kawaida tu. Tuseme mara 100 ukifanya hivyo ye anafoldi 65, kila mara unaokota 300, jumla 19,500. Zile 35 anakukoli, na tuseme ukikoliwa unashinda mara nne tu kwa kumi, hapo unapoteza wastani wa 300 kulinganisha na kama ungefoldi, jumla 10,500. Bado una faida 9,000, na ukikoliwa we ndo mnyonge! Nilirudia hiyo hesabu mara tatu nyuma ya daftari la mtoto sikuamini.

Karata gani sasa inategemea umekaa wapi. Ukiwa wa kwanza kuongea na wote sita bado wapo, pea kuanzia 5, A na 9 kupanda, KQ, basi. Ukiwa dila, yan waliobaki nyuma yako ni blaindi mbili tu, unafungua mlango, pea yoyote, A yoyote, K na 9 kupanda, Q10, J10. Blaindi ndogo hata K yoyote inaenda. Ila angalia nani yuko nyuma yako, sisi tuna jamaa fundi pikipiki hafoldi hata umwambie nyumba inawaka, huyo usimtishe, mngoje na A kubwa au pea. Na mwenye blaindi mbili zimebaki hafoldi pia, atafoldi abaki na nini.

Kukoli ni habari nyingine, kaza. A na 4 ukikoli mtu mwenye A na J unapigwa mara saba kwa kumi, wakati hata 7 na 6 dhidi ya AK inashinda karibu nne kwa kumi. Isipokua ukiwa blaindi kubwa, hapo piga bei: blaindi ndogo akimwaga blaindi kumi unaongeza 9 (moja umeshaweka) kugombea 20, unahitaji asilimia 45. Akimwaga tano unaongeza 4 kugombea 10, asilimia 40. Akimwaga mbili unaongeza 1 kugombea 4, hapo koli hata bila kuangalia karata.

Kingine watu wanasahau ni simu. Blaindi 100 na 200, una 1,600, simu inakaribia kulia zije 200 na 400, na mkono unaofuata we ndo blaindi kubwa. Sasa hivi una nane na watu bado wanakuogopa, ikilia una nne na ukilipa unabaki na tatu, kila mtu atakukoli kwa utani. Ukiona K na 10 hapo kabla haijalia, mwaga vifuniko vyote katikati ya mkeka.