Jinsi ya Kusoma Utafiti wa Sukari na Kujua Nani Aliulipia

Habari ya "wanasayansi wathibitisha sukari hainenepeshi" husambaa haraka kuliko masahihisho yake. Kabla hujaipeleka kwenye kundi la WhatsApp la familia, tenga nusu saa. Unahitaji simu yenye intaneti, kalamu na karatasi. Makala nyingi za utafiti huandikwa kwa Kiingereza, lakini sehemu za kukagua ni chache na hazihitaji shahada ya lishe.

Kwanza, pata makala yenyewe. Chukua jina la mwandishi wa kwanza, jina la jarida na mwaka, uyatafute kwenye PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba. Kusoma muhtasari ni bure. Makala nzima ikiwa imefungwa kwa malipo, shuka chini ya muhtasari: tangu 2017 PubMed huweka hapo tamko la maslahi ya waandishi, yaani nani anawalipa au ana uhusiano nao, ikiwa jarida limelipeleka. Kama habari uliyoipata haitaji jarida wala mwandishi, ishia hapo, usiisambaze.

Ukishaipata, anza kuisoma kutoka mwisho. Tafuta vichwa vidogo "Funding" (ufadhili) na "Competing interests" (mgongano wa maslahi), uandike kila jina lililotajwa. Majina mazuri ndiyo ya kuchunguza zaidi. Mwaka 2015 kulikuwa na kikundi cha wanasayansi wa Marekani kilichoitwa Global Energy Balance Network, kilichosisitiza kuwa kinachokosekana kwa watu wanene ni mazoezi zaidi kuliko kupunguza wanachokula na kunywa. New York Times ilipofuatilia, ilikuta Coca-Cola imetoa dola milioni 1.5 za kukianzisha, na hata tovuti ya kikundi ilisajiliwa kwa jina la kampuni hiyo. Mwaka ule haukuisha kabla kikundi hakijavunjwa. ILSI (International Life Sciences Institute) nayo husikika kama taasisi ya kawaida ya sayansi, ila ilianzishwa 1978 na Alex Malaspina, aliyekuwa kiongozi ndani ya Coca-Cola, na makampuni ya vyakula yamekuwa wafadhili wake wakubwa. Ndiyo iliyolipia mapitio ya 2016 (makala inayokusanya na kupima tafiti za wengine) yaliyodai kuwa miongozo ya kupunguza sukari haina ushahidi wa kuaminika. Kwa hiyo jina geni litafute peke yake: nani alilianzisha, nani mwanachama, nani analipa ada.

Ukikuta makala ya zamani isiyotaja mfadhili, usiihesabie kuwa safi. Mwaka 1967 New England Journal of Medicine ilichapisha mapitio ya wataalamu watatu wa Harvard, McGandy, Hegsted na Stare, yaliyoelekeza lawama za ugonjwa wa moyo kwenye mafuta na kolesteroli na kupunguza uzito wa ushahidi dhidi ya sukari. Wafadhili wengine walitajwa. Taasisi ya wenye viwanda vya sukari, Sugar Research Foundation, haikutajwa. Ilikuwa imelipa dola 6,500, na ofisa wake John Hickson aliziona rasimu kabla hazijachapishwa. Barua za taasisi hiyo na wataalamu hao zilianikwa hadharani 2016 na Cristin Kearns na wenzake wa chuo kikuu cha California, San Francisco. Jarida lile la New England lilianza kudai tamko la maslahi 1984 tu. Kwa haki, wapo wanahistoria waliojibu 2018 kwamba kulipwa na viwanda lilikuwa jambo la kawaida enzi zile, na kwamba wataalamu hao tayari waliamini mafuta ndiyo tatizo. Hoja hiyo ina uzito, lakini msomaji wa 1967 bado alinyimwa taarifa aliyostahili.

Sasa hatua muhimu kuliko zote, ambayo wengi huiruka. Fedha ya kiwanda haihitaji kupika takwimu. Inatosha ichague swali. Uliza: sukari ililinganishwa na nini? Ukiondoa kalori 200 za sukari na kuweka kalori 200 za wanga mwingine, uzito haubadiliki. Ukiwaacha watu wale watakavyo, hadithi ni nyingine. Te Morenga na wenzake wa New Zealand, katika mapitio yaliyoombwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na kuchapishwa katika BMJ, jarida la tiba la Uingereza, Januari 2013, waliyaona yote mawili. Watu wazima waliopunguza sukari bila kufungwa na hesabu ya kalori walipungua wastani wa kilo 0.80, na walioongezewa sukari walipanda kilo 0.75. Kalori ziliposawazishwa, tofauti ilitoweka. Kwa hiyo anayetaka kusema "sukari haina tatizo" atatumia majaribio ya kalori sawa, na hatakuwa amesema uongo. Atakuwa amejibu swali ambalo maisha hayaulizi, kwa sababu hakuna anayekunywa soda kisha akapunguza ugali kwa kiasi kilekile.

Kagua kiasi pia. WHO, katika mwongozo wa 2015, inataka sukari huru isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu wa kalori 2,000: asilimia 10 ni kalori 200, gawa kwa 4, unapata gramu 50. Nusu yake ni gramu 25. Sukari huru ni ile inayoongezwa, pamoja na ya asali na juisi. Ya tunda zima haimo. Soda yenye gramu 10.6 kwa kila mililita 100, ukiinywa nusu lita, ni gramu 53: siku nzima imekwisha kwa chupa moja. Jaribio likitumia dozi ndogo kuliko wanayokunywa watu, au likidumu wiki mbili tu, usilitegemee kuhusu unene unaojengeka kwa miaka.

Kisha tafuta kisichochapishwa. Jaribio la watu likague kwenye ClinicalTrials.gov, mapitio yakague kwenye PROSPERO: ni tovuti ambako watafiti husajili mpango wa kazi yao. Linganisha kilichoahidiwa na kilichotolewa. Taasisi ileile ya sukari ililipia tangu 1968 utafiti wa panya wa W.F.R. Pover huko Birmingham, Uingereza. Matokeo ya awali yalipoanza kuhusisha sukari na kimeng'enya kilichohusishwa na saratani ya kibofu, na mtafiti akaomba wiki 12 zaidi amalizie, fedha zilikatwa. Hakuna kilichochapishwa.

Kosa la upande wa pili ni kutupa kila utafiti uliolipiwa na kiwanda. Tumia mfadhili kama sababu ya kusoma kwa makini zaidi. Sababu hiyo ipo: mapitio ya 2013 katika jarida la PLOS Medicine yalipima mahitimisho 18 ya mapitio mengine kuhusu vinywaji vya sukari na unene. Kati ya 12 yasiyo na mgongano wa maslahi na viwanda, 10 yaliona uhusiano. Kati ya 6 yenye mgongano, 5 yalisema ushahidi hautoshi.

Ukibaki na shaka, mwandikie mwandishi mkuu. Barua pepe yake huwa kwenye ukurasa wa kwanza. Muulize mawili tu: mfadhili aliiona rasimu kabla ya kuchapishwa? Mkataba ulimpa haki ya kuzuia matokeo? Jibu lolote utakalopata, liambatanishe na habari unapoisambaza, pamoja na jina la aliyelipa na kitu ambacho sukari ililinganishwa nacho.